Mzee wa Kukataa

Beth alikubali kabla hajaulizwa. Binti yangu Kajuju alikuwa ndiyo kwanza amefika mlangoni pake na kusema hodi, begi la kazi begani, nami nyuma yake, Beth akapaza sauti kutoka kwenye kochi: "Karibu, daktari! Choo nitachimba, maji nitachemsha, na presha nipime mikono yote miwili!"

"Beth, hata sijaingia," Kajuju akasema, akijizuia kucheka.

"Basi ingia unikute nimekubali."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile kurekodi kuharibika. Kajuju alikuwa amemaliza chuo huko Embu, alikosomea afya ya jamii miaka mitatu akiishi chumba kimoja mtaa wa Majimbo. Sasa shirika moja lilikuwa likitafuta vijana wa kujitolea mwaka mzima nchini Malawi, watembee nyumba hadi nyumba vijijini. Alikuwa amevuka vizingiti vyote kikabaki kimoja: atume video ya ziara moja ya nyumbani, isiyokatwa, isiyozidi dakika ishirini, kwa mtu ambaye kweli amekataa huduma fulani. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Lakini nenda ukamtafute mtu wa kukataa hapa Muthara. Si kwamba watu wetu hawakatai. Hukataa, tena sana, ila hukataa mgeni akishaondoka. Akiwa bado amekaa kwenye kochi la vitambaa vyeupe, kikombe cha chai mkononi, hukubaliwa kila neno. Mzee Mbaabu, ambaye huizunguka zahanati kwa mbali kama mtu anayemkwepa mdai wake, alimwitikia Kajuju "ndiyo" mara kumi na moja, kisha akaagiza jogoo achinjwe. Video yote ikawa ya jogoo akikimbizwa.

"Tunahitaji mtu mwenye moyo wa jiwe," Beth akasema. Ni fundi wa nguo na jirani yetu wa ng'ambo ya ua, na hata siku hiyo utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake. "Mtu asiyemwonea mgeni haya."

Kisha wote wawili wakageuka wakaniangalia.

"Mimi?"

"Baba Kajuju, kwa kukataa wewe una digrii."

Kwa mwaka na nusu Kajuju alikuwa akinibembeleza nipimwe presha kila alipokuja likizo, nami kila mara nikakumbuka ng'ombe anayehitaji kuhamishwa. Sababu nilikuwa nayo, ila sikuwahi kuitaja. Na kuhusu Malawi, aliponiuliza nilisema "sawa". Niliisema kama sisi tunavyosema mgeni akiwa bado ndani.

Tukaenda nyumbani kwangu. Nikakaa barazani na ungo wa maharagwe ya mbegu, kwa kuwa mvua haingojei video ya mtu. Beth akapewa simu aishike, pamoja na amri ya kutofungua mdomo. Dakika tano zikibaki, ainue vidole vitano.

"Usinihurumie, Baba," Kajuju akaninong'oneza. "Nikatalie kama siku zote."

"Hilo halihitaji mazoezi."

Akatoka hadi langoni, akarudi na uso mwingine.

"Hodi, mzee."

"Karibu. Kama unauza sabuni, tunayo."

"Siuzi kitu. Naitwa Kajuju, nahudumia afya za watu nyumbani kwao."

"Kajuju wa nani?"

Akasita kidogo. "Wa Muthamia."

"Muthamia namjua. Mtu mkaidi sana yule."

"Ndivyo nilivyosikia," akasema, na mabega ya Beth yakaanza kutikisika, simu nayo ikatikisika.

Nakiri kwamba nilifurahia. Akinieleza habari za moyo na mishipa, namwambia presha ni ugonjwa wa wenye magari. Akisema hata mwenye punda huipata, namuuliza kama punda naye atapimwa. "Na ikiwa juu utaishusha na nini?" nikamuuliza. "Ikiwa chini, utaipandisha kwa jeki?" Alijibu kila kitu bila kukasirika. Aliuliza ninavyolala, ninavyokula, kama huwa naona kizunguzungu nikiinuka. Nilimtazama, nikamwona mtu mzima. Sikujua ni lini hasa alikua. Labda huko Majimbo, nikiwa sipo.

Ndipo Beth akainua vidole vitano.

Wazo likaniingia polepole, kama paka anavyoingia jikoni. Dakika tano tu. Nikishikilia kukataa, dakika zitakwisha, video itakuwa ya mhudumu aliyeshindwa na mzee mmoja, na Malawi itampata mwingine. Kajuju atapata kazi hapa karibu, pengine Kianjai, na Jumapili taa ya jikoni itawashwa na mtu mwingine badala yangu. Nani atanilaumu? Si niliambiwa nikatae?

"Hapana," nikasema. "Sitaki. Nenda nyumba nyingine."

Mara hii haukuwa mchezo, na mtoto huijua sauti ya baba yake. Kajuju akaifunga zipu ya begi lake, akavuta kigoda karibu na ungo, akaanza kuchagua maharagwe pamoja nami.

"Kuna jambo lililokupata, mzee?" akauliza bila kuinua macho.

Sijui kwa nini nilijibu. Labda ni kwa sababu aliniita mzee, si Baba.

"Mwenye nyumba hii hakuwa mgonjwa. Alitoka hapa akiimba, akimsindikiza jirani tu kliniki. Wakasema, na wewe mama, hebu tukupime. Wakamfunga kile kitambaa mkononi, wakaona namba, wakaita gari. Siku ya tatu nikaenda kumleta kwenye sanduku." Nikatupa haragwe bovu uani. "Tangu hapo mimi na mashine hiyo hatusalimiani."

Mama yake alipofariki, Kajuju alikuwa chuoni. Alifika akakuta hema la msiba limeshasimikwa. Tangu siku ile tulikuwa tumezungumza habari za ng'ombe, za mvua, za paa linalovuja. Habari hii hatukuwahi kuigusa. Nikangoja aangue kilio na ziara iishie hapo.

Akatoa punje moja yenye tundu, akaiangalia, akaitupa.

"Pole sana, mzee. Aliitwa nani?"

Nikamtazama. Ulikuwa uso wa mgeni, asiyejua lolote na mwenye nafasi ya kusikia yote.

"Kanini," nikasema. Jina lilitoka na kutu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Wa kelele," nikasema, na mwenyewe nikashangaa kujisikia nikicheka. "Tulikutana soko la Kianjai akigombana na kuku. Amemnunua, lakini kuku hataki kununuliwa. Nikamsaidia kumshika. Badala ya asante, akaniambia nimemshika vibaya. Miaka ishirini na sita akaendelea kuniambia nimeshika vibaya: jembe, kitabu cha nyimbo, hata mtoto."

"Hii ya kuku sikuwahi kuisikia," Kajuju akasema, na kwa dakika hiyo hakuwa mgeni hata kidogo.

"Na kanisani je? Akianzisha wimbo, anauanzia juu paani. Wanaume wote wananyamaza, si kwa uchaji, kwa kukosa pumzi."

"Wazee walikuwa wanatoka nje kupumzika!" Beth akapiga kelele, amri imemtoka kichwani. "Na mchungaji akiwemo!"

Tukacheka watatu, nikaongeza kingine, na kingine tena, maharagwe yakilala tu kwenye ungo, mpaka kengele ya simu ikalia kwenye mkono wa Beth.

"Yesu wangu!" Beth akashika mdomo. "Zimeisha! Baba Kajuju, umemwangusha mtoto kwa habari za kuku!"

Nikautazama mkono wangu. Haukuwa umepimwa. Nilichokitaka dakika tano zilizopita nilikuwa nimekipata, tena bila kujua, na sikukitaka tena.

"Washa upya," nikasema. "Mara hii nitakubali kumshinda hata Beth."

"Hapana, Baba. Sasa utakuwa unaigiza."

"Watakukataa."

"Pengine. Lakini ziara ilikuwa hivyo." Aliichukua simu, akakaa nayo mapajani. "Baba, nilikusikia, zilipobaki dakika tano. Kama hutaki niende, niambie mimi. Sitaituma, na sitakununia."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Beth alikumbuka kazi jikoni kwangu na kutuacha.

Nikafikiri jinsi ambavyo ningeweza kulisema, na jinsi ambavyo angebaki kweli. Nikafikiri pia juu ya baraza nyingine, mbali huko, na mtu aliyeinamia ungo wake, nyumba imejaa jina lisilotajwa.

"Huko Malawi kuna wazee wakaidi?"

"Nasikia ni wengi."

"Wanakataa kuliko mimi?"

"Hilo sidhani, Baba."

"Tuma," nikasema.

Akabonyeza. Mtandao wetu huku haupendi haraka. Duara dogo likaanza kuzunguka, tukaliangalia pamoja kwa muda. Kisha nikafungua kifungo cha mkono wa shati, nikakunja hadi juu ya kiwiko, nikaulaza mkono kwenye goti lake. Alikifunga kile kitambaa taratibu, akapitisha kidole chini yake kuona kama kinanibana.

Nilikuwa nimekumbuka siku ya ubatizo wake, mvua ilivyotukuta katikati ya njia na mama yake akakataa katakata kujikinga. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Usizungumze, Baba," akasema. "Mashine ikipima, unatakiwa utulie."

Kitambaa kikaanza kujaa. Nikatulia, nikiwa nimeyashika maneno yote mdomoni.