Uzi Mweusi Kwenye Pindo

Jumatatu ya Pasaka tulipanda kijijini kwa mama mkwe wangu kutazama mbio za farasi. Alfajiri nyasi zilikuwa zimeganda weupe kwa baridi, lakini kufikia saa nne jua lilikuwa limetoka vizuri. Mipopla ya kando ya mto ilikuwa njano tupu, majani yakidondoka hata bila upepo. Wanangu, Tlotliso wa miaka saba na Nyakallo wa mitatu, walikuwa wakiyakusanya chungu kisha wanajitupa juu yake. Mume wangu alikuwa kule chini na wanaume wenzake, wanamtembeza farasi wa ami yake. Mimi na mama mkwe tulitandika blanketi, tukawa tunakula mahindi ya kuchoma.

Ndipo akaja wifi yangu Moroesi, amebeba mfuko mkubwa mgongoni.

"Shangazi amefika! Nani anasikia baridi?"

"Mimi!"

"Mwongo, mimi zaidi!"

Akatoa majaketi mawili ya buluu, yana kofia na zipu, ndani manyoya laini. Akawavalisha hapo hapo, majani yakiwa bado yamewang'ang'ania nywele. Nyakallo akaingiza mikono mifukoni akaanza kutembea kama mtu mwenye duka.

"Yote mawili maloti hamsini, wifi," Moroesi akaniambia. "Hamsini tu! Mjini moja linakwenda mia nne, na zipu yake haifiki Krismasi."

"Ndiyo faida ya kuzaa binti," akasema mama mkwe, anacheka mpaka pini ya blanketi alilojifunga inatikisika. "Lipa, 'Matlotliso, kabla hajabadili mawazo."

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi mkono ulishakwenda kwenye pindo. Sisi tunaoshona kiwandani ndivyo tulivyo, tukishika nguo lazima tulipindue pindo tuone uzi wa ndani. Nikalipindua la Tlotliso. Nje uzi wa buluu. Ndani mweusi.

Nikalipindua la Nyakallo. Mweusi.

Niliujua uzi ule, maana niliushona mimi. Mwezi wa pili uzi wa buluu ulituishia mchana, na msimamizi wetu, Dada Keneuoe, akasema tutie mweusi chini, mnunuzi hataona. Mnunuzi akaona. Majaketi mia mbili na arobaini yakakataliwa, yakafungiwa stoo, na baada ya wiki moja hayakuwemo. Washonaji watatu wa laini yetu walifukuzwa ingawa hawakukutwa na kitu. Tangu hapo tunapekuliwa mpaka kwenye nywele, na tumeambiwa atakayeonekana na jaketi moja tu, ndiye mwizi wa yote. Mgodi aliokuwa akifanyia kazi mume wangu ulifungwa mwaka juzi. Nyumbani kwetu mshahara ni mmoja, na ni wangu.

"Wifi, mbona unalikagua kama daktari wa ng'ombe?" Moroesi akauliza.

"Umeyatoa wapi?"

"Ng'ambo ya mpaka, kwa mzee mmoja wa duka la jumla. Nimetoka huko leo hii na basi, kiuno chote kimekufa."

Nikamwangalia viatu. Vilikuwa safi. Na basi la mpakani siku ya sikukuu halifiki kwetu kabla ya saa saba mchana. Hata hivyo nilitoa noti ya hamsini nikampa, kwa sababu mama mkwe alikuwa ananitazama, kisha nikawaita watoto.

"Vueni kwanza, kuna jua."

"Jua lipi?" mama mkwe akasema. "Vidole vyangu havikunjiki kwa baridi. Waache watoto."

"Yatachafuka, Mama."

"Nguo zote huchafuka. Au ni kwa kuwa yameletwa na mwanangu? Angekuwa dada yako ndiye kaleta, ungekuwa umeshaimba."

Kwa mama mkwe mtu hujibu mara moja, mara ya pili ni ugomvi. Nikawa nawaangalia tu wanangu wanavyokimbia na ile buluu katikati ya majani ya njano, na nikaona hata mtu aliye ng'ambo ya mto angewaona.

Nyuma yetu, karibu na gari la kuuzia maandazi, walikuwa wamekaa wanawake kama kumi wa kiwandani. Wengi wetu tumetoka vijiji hivi. Nilikuwa najipanga namna ya kuwazuia watoto wasifike kule, mara nikamwona Dada Keneuoe mwenyewe anakuja juu kwetu, amejifunga blanketi jipya, anasalimia huku na huku. Tlotliso alikuwa amesimama njiani pake kabisa.

Huyu Keneuoe ni mtu wa kupindua pindo kuliko sisi sote. Kanisani amewahi kumpindulia mchungaji joho lake mbele ya watu, akamwambia fundi amemwibia mishono. Nilimwona kwenye msiba akikagua sketi ya mfiwa. Sasa akainama, akamshika Tlotliso shavu, akasema, "Umekuwa mkubwa, baba!" Kisha akatazama juu, kana kwamba kuna ndege anapita. Hapakuwa na ndege. Pindo hakuligusa.

"Watoto wako wamependeza, 'Matlotliso," akaniambia.

"Asante, Dada."

"Baridi ya mwaka huu si mchezo. Ni vizuri mtu awe amejiandaa. Kesho mapema kazini, eh?" Akapita. Kwa Moroesi hakutoa hata salamu, na Moroesi naye aliinama anatafuta kitu ndani ya mfuko ambao niliuona kabisa umebaki mtupu.

Watu wa kijiji kimoja, hawasalimiani sikukuu?

Nikamwambia Moroesi anisindikize mtoni kuchota maji. Tulipofika chini ya mipopla nikamgeukia.

"Wifi, uzi wa haya majaketi nimeushona mimi. Usinipe habari ya mzee wa duka."

Kwanza akacheka. Halafu akaona sicheki.

"Kwani wewe umeiba? Umenunua. Shida iko wapi?"

"Amekuambia nini Keneuoe?"

Akachezea mshipi wa gauni. "Amesema... amesema nihakikishe watoto wako wanapata, hata wengine wakikosa. Nikaona ni wema tu. Amesema wewe ni mtu wa kuangalia sana, usije ukajisikia umesahaulika."

Maji yakawa yanapita. Nikaelewa. Watoto wangu wakishavaa, mimi sina mdomo tena. Nikisema neno, yeye anaonyesha jaketi la Tlotliso na watu mia wa kijiji wanashuhudia kwamba wameliona. Na siku atakapohitaji mwizi, mwizi anaye.

"Wifi, tafadhali," Moroesi akasema. "Usimwambie mama."

"Mimi sitamwambia mtu. Wataona wenyewe."

Nilipanda, nikamshika Tlotliso mkono, nikambeba Nyakallo, nikaenda nao moja kwa moja pale walipokaa wanawake wa kiwandani. Nikamsimamisha Tlotliso katikati yao.

"Jamani," nikasema, "nitazamieni hili pindo."

Hawakuuliza kwa nini. Mikono ikatoka chini ya mablanketi, huyu akapindua mbele, yule nyuma, mwingine akashika la Nyakallo. Mmoja anaitwa Nthatisi, ambaye dada yake ni kati ya wale watatu waliofukuzwa, alipitisha kucha juu ya ule uzi kutoka mwisho hadi mwisho.

"Mwezi wa pili," akasema polepole.

Keneuoe alifika karibu anakimbia. "'Matlotliso! Umeyapata wapi haya?" Alipaza sauti kweli kweli, mpaka wanaume wa kwenye farasi wakageuka. "Watu wanafukuzwa kazi, kumbe yako kwako! Huoni haya?"

Nikamtazama Moroesi, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, ndoo mkononi. Aliinamia ndoo yake kana kwamba hajasikia. Nikajua nimekwisha.

Lakini mama mkwe hapendi mtu amfokee mkwewe isipokuwa yeye. Alikuja anajikokota na fimbo yake.

"Wee Keneuoe, unabweka nini? Yameletwa na binti yangu, na yamelipwa. Mwulize huyo hapo! Kwani si wewe uliyemshusha na gari lako asubuhi, na huo mfuko mkasaidiana kuushusha? Mimi nilikuwa naswaki mlangoni, nikasema, Keneuoe siku hizi ana moyo mzuri, anabeba watu."

Hakuna aliyecheka. Keneuoe akasema mama amezeeka, haoni vizuri.

"Naona farasi wa shemeji yangu anachechemea mguu wa nyuma kule chini," mama mkwe akasema. "Nikuonyeshe na nini kingine?"

Hapo Moroesi akaweka ndoo chini. "Ni kweli," akasema, kwa sauti ndogo, lakini alisema. "Ni yeye kanipa."

Keneuoe alijikaza blanketi akaondoka kuelekea kwenye gari lake, hakimbii, lakini hakugeuka. Nthatisi akawavua wanangu majaketi, akayakunja vizuri kama tunavyokunja mezani, akayaweka mapajani mwake.

"Kesho tutaingia ofisini sote pamoja," akasema. "Sote. Kabla yeye hajafika kusema yake. Na Moroesi utakuja."

"Nitakuja," Moroesi akasema, analia.

Wakaitikia mmoja mmoja. Mama mkwe aliwaita watoto akawafunika wote wawili ndani ya blanketi lake, vikabaki vichwa tu, na kule chini farasi wakaachiwa, watu wakapiga vigelegele. Mimi sikutazama farasi. Nilikuwa nawatazama wanawake wale nijue ni wangapi wameitikia kwa moyo. Tisa waliitikia. Wa kumi alishanyanyuka, anateremka haraka mtoni walikokuwa watoto wengine wanacheza, na nikamwona amemshika wake mkono, amemvuta nyuma ya mti, anamvua kitu cha buluu.

Nikakaa palepale kumsubiri arudi.