Dahlia za Zunilda Zilistawi Mno

Mto wetu haukukauka. Nimelisema hili barazani, kanisani na msibani, mpaka watu wamechoka kunisikia: mto haukukauka, uliibwa. Nakumbuka enzi za utawala wa wanajeshi, maji yalipotengwa na ardhi, yakapewa hati yake, yakauzwa kama ng'ombe. Baba yangu alilala na mfereji mlangoni, akaamka na changarawe. Leo huko mlimani kuna shamba la maparachichi, kijani mpaka macho yanauma, na sisi wa bondeni tunaletewa maji kwa boza, pipa moja kwa kila nyumba kwa wiki.

Kwa pipa hilo moja Zunilda, mjane wa kaka yangu, alikunywa, alipika, aliosha na kulea maua.

Hakununua kitu. Alipanda kwenye makopo ya maziwa, kwenye tairi, kwenye beseni lililotoboka, hata kwenye buti la marehemu. Mbolea ilikuwa samadi ya punda na maganda ya mayai. Maji ya kuoshea mboga yaliosha vyombo, ya vyombo yakaenda kwa maua. Vitawi vya kupanda aliiba. Kwetu kila mtu anajua kwamba kitawi cha kupewa hunyauka, cha kuiba ndicho kinachoshika. Huombi wala hushukuru. Unapita langoni kwa mtu, unakata, unatia kwapani, unakwenda zako. Zunilda alikuwa bingwa wa kazi hiyo na hakuificha.

"Waridi lile ni la padri," aliwaambia wageni huku akicheka. "Jeraniamu zile ni za mwenyekiti wa kamati ya maji. Mwizi ni mwizi, lakini tazameni mkono wangu ulivyo na baraka!"

Desemba ilikwenda vizuri. Kila kopo lilikuwa na ua, na watu walisimama uzioni kutazama. Januari jua likaja na meno. Jeraniamu zikaungua kingo. Waridi likaingiwa na vidukari. Akalinyunyizia maji ya sabuni, vidukari wakafa na waridi nalo likafa. Alizeti ziliinamisha vichwa na hazikuinua tena.

Zikabaki dahlia. Alizirithi kwa mama yake, akazitawanya nyuma ya nyumba huku na huku. Nyingi zilikauka kama nyingine zote, lakini zile zilizoangukia mstari mmoja zilirefuka zikampita kichwa, majani mazito, meusi kwa kushiba. Udongo chini yake ulikuwa na unyevu wa maji ambayo hakuna aliyeyamwaga. Mbwa wake alikuwa amejichimbia hapo, tumbo kwenye ubaridi, na hakutaka kuondoka.

"Shemeji, unazipa nini hizi?" nikamuuliza.

"Sizipi kitu. Nimeacha hata kuzimwagia. Zinanitisha."

Majirani waliosimama uzioni sasa hawakusifu tena. Walitazama, wakanong'onezana, wakaenda.

Kisha akaja Nolberto, mwenyekiti wa kamati ya maji, na wazee wawili nyuma yake.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwenyekiti. Umefuata jeraniamu yako? Imekufa, pole."

"Sikufuata jeraniamu. Watu wanawaogesha watoto kwa kikombe, na kwako maua yanagusa paa. Maji unayatoa wapi?"

"Njoo uonje maji yangu ya vyombo, utajua."

"Wewe mwenyewe hujitangaza kwamba ni mwizi."

"Wa vitawi, Nolberto! Nani hapa hajaiba kitawi? Marehemu mama yako alikata hadi makaburini kwa watu!"

Wale wazee wakaangua kicheko. Nolberto akawakata jicho. "Jumapili kuna mkutano," akasema. "Ukikosa jibu, boza litapita mlangoni kwako bila kusimama."

Walipoondoka, Zunilda alikaa juu ya debe, mikono mapajani. Februari yote ilikuwa bado mbele. Bila pipa lile asingemaliza wiki.

Mimi nilikwenda uzioni. Nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Nje ya uzio, katika nyasi zilizokufa, kulikuwa na uzi mwembamba wa kijani. Ulianzia kwenye dahlia, ukavuka uwanja, ukapanda kuelekea shambani. Upande wa pili ulielekea kisima cha zamani cha kijiji. Watu wa shamba walituambia kisima kimekauka, na kwa huruma yao wakakiziba kwa zege.

"Shemeji," nikasema, "huu si mkono wako wenye baraka. Chini kuna bomba la kutoka kisimani kwenda shambani, na linavuja. Tuchimbe."

Aliufuata mstari ule kwa macho hadi mlimani. "Nikichimba nazing'oa zote. Na Evaristo je?"

Evaristo alikuwa jirani aliyewahi kusema hadharani juu ya maji. Mbwa wake walikutwa wamekufa, kisha zizi likaungua, kisha akahama. Hakuna aliyeulizwa.

Tulikuwa bado tumesimama pale gari jeupe lilipopunguza mwendo. Lilikuwa la nyapara wa shamba, mtu ambaye hajawahi kusimama kijijini kwetu hata kwa kuuliza njia. Akashusha kioo.

"Dahlia nzuri hizo, mama."

"Asante."

"Ziache hivyo hivyo. Ni ua lisilopenda kuchimbwachimbwa." Akatabasamu, akashusha macho chini. "Na mbwa pia ni mzuri."

Vumbi lake lilipotua, Zunilda alimvuta mbwa ndani, akamfunga mguuni mwa kitanda. Alitoka uso umebadilika. "Haya," akasema. "Nimeambiwa nilichotaka kujua."

Jumapili alisimama mkutanoni, akasema maneno machache tu: "Jibu langu liko nyuma ya nyumba. Njooni na majembe."

Walikuja, wengine kwa ubishi. Hakumruhusu mtu yeyote kugusa dahlia. Alizing'oa mwenyewe, moja moja, zikiwa na vichwa vyekundu, akazilaza juani. Kisha tukachimba. Kabla shimo halijafika kiunoni jembe likagonga bomba jeusi, nene kama paja, na kwenye kiungio maji safi yalikuwa yakifoka kwa mlio mwembamba.

Nolberto alishuka shimoni, akakinga kiganja, akanywa. Alipoinua uso hakuweza kumtazama Zunilda.

"Mama," akasema, "boza litaanzia kwako."

"Lisimame kwenye zamu yangu, kama kwa wengine. Leteni ndoo kwanza."

Wakakimbilia ndoo. Ya kwanza ilijaa, ya pili ikafika nusu. Hapo ule mlio ukakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Bomba likabaki likidondosha matone.

Hakuna aliyeuliza nani kalifunga. Tuligeuka sote tukatazama mlimani. Kati ya maparachichi vumbi lilikuwa limenyanyuka, na magari meupe yalikuwa yakishuka, matatu, bila haraka yoyote.

Zunilda alishika jembe lake. "Nolberto," akasema, "usitoke shimoni, wasije wakalifukia."