Mabomba Membamba

Wivu ukimpata mtu uzeeni ni mbaya kuliko ule wa ujanani. Kijana ana shughuli zake. Mzee aliyestaafu ana dirisha. Murray alisimama kwenye dirisha la jikoni kwake, chai ikimpoa mkononi, akatazama lori likishusha karakana nzima ya mabati kwenye kiwanja cha jirani yake Clive. Juma lililofuata zikaja mashine. Msumeno wa meza, mpya. Randa ya umeme, mpya. Mashine ya kukereza, mpya vilevile, ingali imevikwa plastiki.

"Yule alikuwa mtu wa posta," Murray akasema. "Maisha yake yote anabandika stempu. Leo anataka useremala."

"Mwache mwenzio," akajibu mkewe, Glenys, aliyekuwa anaosha vyombo. "Kafiwa na mke, yuko peke yake mle ndani. Angekuwa anakunywa ungesemaje?"

"Ningesema afadhali."

Glenys akacheka. Murray hakucheka, maana hakuwa anatania.

Sasa sikiliza jambo ambalo mji mzima wa Cygnet ulilijua. Murray alikuwa na mkono mzuri wa mbao, ndiyo, lakini kazi iliyomlisha miaka yote ilikuwa mabomba. Katika kiwanda cha samani kule bondeni, yeye ndiye aliyefunga mabomba ya kufyonza vumbi kutoka kila msumeno na kila randa mpaka kwenye pipa kubwa la nje. Hakuna aliyemshinda. Na kwake je? Kinyozi hajinyoi. Karakana yake ilikuwa banda la zamani la kufungashia matufaha, na vumbi humo lilifika kwenye kamba za viatu. Feni hakuna, bomba hakuna. Ukipiga chafya humo unapotea.

Na Glenys alikuwa na pumu. Bintiye fundi wa bakuli wa mji wa Geeveston, aliyejifunza kukereza kabla hajajua kuendesha baiskeli, hakuwa amekanyaga banda la mumewe tangu watoto wakiwa shule. Chai ya saa nne ikiiva, alisimama barazani akagonga mfuniko wa sufuria, Murray akatoka mweupe kama mwokaji mikate. "Mwaka huu nafunga mashine ya vumbi," alimwambia kila mwaka, na kila mwaka akanunua patasi nyingine. Glenys aliacha kuuliza. Murray, kwa akili zake, akadhani ameridhika.

Siku ya pili baada ya mashine kufika, Clive akavuka ua na keki ya limau aliyoioka mwenyewe, imezama katikati.

"Murray, ndugu yangu, nimekuja kupiga magoti," akasema. "Nimenunua mashine ya kufyonza vumbi, kubwa kweli, lakini mabomba siyajui. Kila ninayemuuliza ananiambia, unauliza nini na Murray yuko jirani yako?"

Murray akajisikia vizuri. Sifa ni tamu, hasa ikitoka kwa mtu unayemwonea kijicho. Akakata keki. Akasema bomba ni sayansi, si mchezo, lakini ataangalia nafasi yake.

"Harakisha basi," Clive akasema, "maana nimeshamwalika Glenys aje kukereza. Nimemwambia, hewa ya mle itakuwa safi kuliko ya kanisani."

"Lini ulimwambia?" Murray akauliza.

"Juzi, hapo uani," Glenys akajibu yeye, akiweka chai mezani. Uso wake ulikuwa umechangamka. Murray alikuwa hajauona uso huo kwa muda mrefu, na aliyeuleta alikuwa mtu mwingine. Akakirudisha kipande cha keki sahanini.

Hata hivyo alikwenda, na ukweli usemwe, alianza kwa haki. Alichukua chaki akachora sakafuni njia yote ya mabomba. Bomba kuu, pana, ukutani. Matawi yanajitenga kwa mshazari, hakuna kona kali hata moja. Akamfundisha Clive kama alivyofundisha vijana wa kiwandani.

"Maranda usiyaogope," akamwambia. "Maranda ni makelele matupu, yanaanguka chini, unafagia. Kinachoua ni unga ule mwembamba usiouona. Unaning'inia hewani, unaingia kifuani, hautoki. Unga huo unataka hewa nyingi, na hewa nyingi inataka bomba pana. Kona kali inakula hewa. Umenipata?"

"Nimekupata, mwalimu."

Wakafika kwenye mashine ya kukereza, iliyowekwa dirishani, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote. Murray akainama kupima, kisha akasimama.

"Mbona umeiweka chini hivi? Mtu mrefu kama wewe utavunjika mgongo."

"Si yangu hiyo," Clive akasema, akatabasamu. "Ya Glenys. Si wanasema mhimili wa mashine uwe sawa na kiwiko cha mkerezaji? Basi nilimpima kiwiko siku ile pale uani, kwa mpini wa ufagio. Nikaikata miguu ya benchi."

Kiwiko cha mke wake. Murray alikuwa amelala kando ya kiwiko hicho tangu ujana, na hakuwahi kukipimia hata kigoda. Leo mtu wa posta kakipima kwa ufagio, kakata mbao, kaweka dirishani. Akamtazama Clive akitafuta ubaya usoni mwake, hakuuona. Hilo likamuudhi zaidi. Angekuwa mwizi wangegombana, yakaisha.

Murray akafuta chaki kwa soli ya kiatu.

"Nimefikiria tena," akasema. "Karakana ndogo hii. Bomba pana ni kiburi tu. Chukua yale membamba ya plastiki, ya maji ya mvua. Na tupite pembeni, tufuate ukuta, kona mbili tatu hazina neno."

"Lakini si umesema kona kali..."

"Kiwandani, Clive. Nilisema kiwandani. Hapa ni nyumbani."

Clive akaamini. Kwa nini asiamini? Wakafunga mabomba membamba, wakayapitisha kona kali moja, mbili, na ya tatu karibu kabisa na benchi la dirishani. Katika kazi yake yote Murray hakuwa amefunga kitu kibaya namna ile, na mikono yake ilikuwa mizito kama inamkatalia. Alijiambia Glenys atakwenda siku moja, atakohoa kidogo, atachoka, atarudi nyumbani. Basi. Atasema kwa Clive nako kuna vumbi tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mwenye wivu hakosi wakili.

Siku ya kujaribu Clive akawasha mashine, akarusha konzi ya maranda kwenye mdomo wa bomba. Yakamezwa yote, fyuu. Akapiga makofi.

"Umeona hiyo? Imekula yote."

"Imekula," Murray akasema.

Mtu wa mabomba hapimi kwa maranda. Anafunga dirisha, anapiga msasa, anawasha tochi gizani na kutazama kinachoelea kwenye mwanga. Murray alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akakunja vifaa vyake, akanywa bia ya shukrani aliyopewa, akavuka ua.

Glenys akaanza kwenda. Na ajabu, hakukohoa. Clive alikuwa na magogo ya mtufaha yaliyokatwa majuzi, mabichi, na mti mbichi ukiukereza hautoi unga, unatoa nyuzi ndefu zenye maji. Mabomba membamba yakaonekana kama kazi ya malaika. Glenys alirudi nyumbani na nyuzi za mti kwenye nywele, akiimba. Akaleta bakuli la kwanza, la pili. Murray akayageuza chini juu akitafuta kosa. Hakuna.

"Clive kasemaje?" akauliza, maana siku hizi kila swali lake lilianza na Clive.

"Kasema nimezaliwa nayo mikononi."

"Anajua nini yule?"

"Hajui kitu," Glenys akasema. "Ndiyo maana ananiuliza. Ni raha kuulizwa, Murray."

Mkewe alikuwa na furaha na yeye alikuwa hana furaha, na badala ya kuona aibu akaona ameibiwa. Chai ya saa nne sasa alikunywa peke yake. Mashine ya Clive ikinguruma ng'ambo ya ua, alihesabu kila cheko analolisikia na mengine akayatunga.

Asubuhi moja Clive akamsalimia kwenye ua akiwa amebeba mbao begani. "Mwerezi mwekundu," akasema. "Nimeutoa kwenye madirisha ya nyumba iliyovunjwa. Mkavu kama biskuti. Glenys anataka kukereza sahani halafu aipige msasa mpaka ing'ae."

Murray akasimama na ndoo ya kuku mkononi. Mwerezi. Kiwandani mtu mwenye kifua kibovu hakuruhusiwa hata kupita karibu nao. Unga wake ni mwembamba kuliko poda ya mtoto, na ukimkuta mwenye pumu haubishi hodi.

Ilikuwa apige kelele pale pale. Ilikuwa aseme, Clive, subiri, mabomba yale hayafai. Lakini ukisema hayafai utaulizwa nani kayafunga. Na utaulizwa kwa nini. Akajiambia atakwenda baada ya kulisha kuku. Akalisha kuku. Akajiambia atakwenda na kisingizio cha kuazima jiliwa la kubania mbao. Ng'ambo mashine ikaanza kunguruma, halafu ukaja mlio mwembamba wa msasa juu ya mti mkavu. Murray akaweka ndoo chini. Alikuwa ameshika waya wa ua ajiinue kuvuka wakati mlio ulipokatika ghafla, na Clive akaanza kupaza sauti, "Murray! Murray!"

Alimkuta Glenys amekaa kwenye nyasi nje ya mlango, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka na hewa haiingii. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Clive alikuwa anamshikia kopo la dawa ya kuvuta huku akiongea na watu wa gari la wagonjwa kwenye simu. Ndani, mwanga wa jua ulipita dirishani juu ya benchi, na ndani ya mwanga huo vumbi jekundu lilisimama tu, haliendi kokote. Bomba lilikuwa linanguruma kando yake kwa bidii na halifyonzi kitu. Murray alilitazama kwa muda ambao hakuwa nao, kisha akapiga magoti kwenye nyasi.

Gari likaja, likamchukua Glenys. Murray akashindwa kuingiza ufunguo kwenye gari lake, basi Clive akampakia kwenye lake wakafuata nyuma mpaka hospitali ya Hobart. Njia nzima Clive alisema neno moja tu, "Samahani," akalirudia. Murray akamwacha alirudie.

Jioni wakaruhusiwa kumwona. Alikuwa amelala juu ya mito mitatu, bomba la hewa puani, sauti imekwaruzika, lakini yuko. Clive akasimama miguuni pa kitanda akalia waziwazi.

"Nitaziuza mashine zote," akasema. "Kesho. Mimi mjinga nimecheza na kitu nisichokijua. Ni kosa langu."

Murray akanyamaza. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Mwenzake amejitwisha mzigo mwenyewe, mashine zitaondoka, mke atarudi kwenye baraza lake. Kila alichokitaka kilikuwa kinakuja kwa miguu yake. Akaushika mkono wa Glenys.

"Si kosa lako, Clive," Glenys akasema polepole, akivuta hewa kati ya maneno. "Uliniletea barakoa. Ulinisihi niivae. Mwambie Murray nilikujibu nini."

Clive akatazama sakafu.

"Nilimwambia barakoa ya nini," Glenys akasema, akamgeukia mumewe. "Nilimwambia mabomba haya kafunga Murray. Mume wangu anajua nina kifua. Mahali alipofunga yeye naweza kulala."

Murray aliona mkewe anamngoja aseme kitu, chochote, kwamba pengine kiungo kililegea, kwamba pengine mashine ilikuwa mbovu. Angeamini. Hilo ndilo lililomshinda, kwamba angeamini.

"Niliyafunga membamba kwa makusudi," akasema. "Nilijua hayavuti."

Glenys hakuuliza kwa nini. Alimtazama, akamtazama Clive, akarudi kwake, na Murray akaona anakumbuka kila chai, kila swali lililoanza na Clive. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akauweka chini ya blanketi.

"Clive," akasema, "vuta kiti ukae. Murray atatupisha."

Akawapisha. Akatembea korido ndefu yenye harufu ya dawa, akashuka, akatoka nje kwenye baridi. Alikuwa amekuja kwa gari la Clive. Akasimama kando yake kwenye maegesho, mikono mifukoni, akimngoja Clive amalize kukaa na mkewe.