Damu Haisahau

Mimi Mutindi sikuolewa Nunguni ili nirudishwe kwetu kama debe lililotoboka. Niliwaambia hivyo wazee wa ukoo wa mume wangu, wameketi nyumbani kwangu wakinywa chai yangu. Ilikuwa 1979, na nilikuwa na mimba ya nne. Kifungua mimba wangu, Kilonzo, alikuwa mzima kabisa, yuko nje anakimbiza kuku. Waliomfuata walikuwa wasichana wawili, na wote walikufa wakiwa wa manjano kama papai, kabla ya siku ya tatu, ile siku ambayo sisi Wakamba tunampa mtoto jina. Jina lenyewe lilikuwa linawangoja: Kalondu, la mama mkwe wangu.

Kalondu huyo ndiye aliyeita kikao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ndolo wangu, na ulimi wa kutosha watu kumi.

"Huyu anawala watoto," alisema. "Damu yake na yetu hazipatani. Arudi kwao Ikutha kabla hajamla na huyu."

Ndolo aliangalia viatu vyake. Aka! Nilimpenda yule mwanamume, lakini siku hiyo ningempiga na mwiko.

"Sitoki," nikasema. "Huyu nitamzaa, na ataishi."

Kesho yake nilienda hospitali ya misheni. Sista Muthoki, nesi wa wajawazito, alisikiliza habari yote, akanitoa damu, na majibu yalipotoka akanivutia kiti. Alisema chembe za damu za watu wengi zina alama fulani, ambayo kitabuni inaitwa antijeni. Mimi sina. Ndolo anayo, na watoto waliirithi kwake. Nilipomzaa Kilonzo, damu yake kidogo iliingia kwangu, na mwili wangu ukaona ile alama ni ya mgeni, ukatengeneza askari wa kuipiga. Kilonzo alikuwa ameshatoka. Wadogo zake ndio waliokutana na hao askari tumboni.

"Kwa hivyo ni mimi," nikasema, machozi yananitoka.

"Mwili wako unafanya kazi yake tu, huwezi kuukataza. Lakini tukikuzalisha mapema, tunaweza kumbadilishia mtoto damu, tumpe isiyo na alama. Hiyo ni adimu hapa kwetu. Tafuta watu."

Jumapili nilisimama kanisani nikaeleza yote: mimba, makaburi, alama. Akina mama waliinamisha vichwa kwa kunionea aibu. Wacha waone! Mficha uchi hazai, na mimi nilitaka kuzaa. Wa kwanza kuinuka alikuwa Kalondu.

"Nitatoa yangu," akasema kwa sauti. "Tuone kama huyo atakufa na damu ya mwenye jina ndani yake!"

Nilijua ananidhihaki. Nikampeleka hivyo hivyo.

Majibu yake yalichelewa kuliko ya wengine, ambao wote walikuwa na alama. Mwishowe Sista akatuita sisi wawili, akafunga mlango.

"Mama, wewe pia huna alama," alimwambia. "Lakini askari unao, wa zamani, kwa hivyo hatuwezi kumpa mtoto damu yako. Damu haisahau. Baada ya Ndolo, ulizaa tena?"

Mama mkwe wangu alifungua fundo la leso yake, akalifunga tena.

"Wanne," akasema. "Wote wa manjano."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Hata Ndolo hakujua, alikuwa mdogo.

Tulirudi nyumbani. Asubuhi Kalondu hakuwepo. Alikuwa ameenda Ikutha, kule kule alikotaka nirudishwe, na akarudi na ndugu zangu wote, amemkamata kaka yangu Mwangangi shati kwa sababu anaogopa sindano. "Lia tu," alikuwa akimwambia, mwanamume mzima na ndevu zake, "lakini damu utatoa." Na iliyofaa ikawa ya Mwangangi.

Walinizalisha kabla ya mwezi wangu kufika. Msichana. Jioni macho yake yalianza kugeuka manjano. Daktari alipitisha mpira mwembamba kitovuni, akawa anatoa damu kidogo na kuingiza ya mjomba wake kidogo, tena na tena. Waliniambia nilale. Nikakataa, nikasimama mlangoni nimeshika ukuta.

Siku ya tatu alinyonya kwa nguvu mpaka nikapiga kelele. Kalondu aliingia kumpa jina, kama ilivyo haki ya nyanya. Alimpakata, lakini jina halikutoka. Akamgeukia Sista.

"Wale wangu wanne," akasema. "Sikuwala?"

"Hapana, mama."

"Sema tena."

"Hukuwala."

Alilia kwa sauti, wodi nzima ikageuka. "Waliniambia nawala," akaniambia, "nami nikaja nikakuambia wewe."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, nimeyaweka tangu mazishi ya kwanza. Nilimtazama, mtoto anamteleza mkononi.

"Mshike kichwa vizuri, mama," nikasema. "Huyo ni Kalondu."