Nyongeza ya Shangazi Esnath

Kwanza ulikuja mlio. Mwembamba, wa kukwaruza, kama kandambili mbili zilizolowa zikisuguana. Ulitoka nyuma ya jiko, ndani ya tenga la viazi, nikajua panya ameingia. Nikachukua fagio.

"Weka fagio chini, Lutengano," shangazi Esnath alisema bila kugeuka. "Huyo ni mtoto wa tatu wa mbwa wetu. Alitoka alfajiri, wa baridi kama jiwe, nikamfunga kwenye kanga nikamsogeza motoni. Sasa anapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa shamba."

Nikafunua kanga. Ndugu zake wawili walikuwa wananyonya kwa mama yao, wanene, wanasukumana. Huyu alikuwa kama kiazi kilichoota manyoya. Shangazi akaleta mzani wake wa kuning'iniza, ule wa ndoano na mshale anaopimia magunia, akamtia kwenye mfuko wa kitambaa na kumtundika. Mshale haukutikisika hata kidogo.

"Mzani haujamsikia," akasema. Akacheka, akamrudisha kwenye kanga, akaanza kumdondoshea maziwa kwa kijiti cha pamba.

Shangazi yangu ni mkulima wa viazi Igawilo, pembeni ya jiji la Mbeya. Mbwa aliwapata kwa bahati. Mtaalamu wa kilimo ambaye shangazi alimpikia miaka sita alirudi kwao akamwachia jike na dume, wale weupe wa manyoya marefu ambao watu wanawaita mbwa wa sebuleni. Mimi nilikuwa na kibanda Mwanjelwa, naandika mabango, kadi za harusi na maneno ya nyuma ya bajaji. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Mtu akisema vina vyangu vina kasoro, siku hiyo hatuagani vizuri.

Miezi miwili ikapita. Mbwa wa kwanza aliuzwa laki tatu. Wa pili alichukuliwa na Timotheo, fundi magari wa Uyole, naye akalipa laki tatu. Sasa, shangazi hajawahi kuuza kitu bila nyongeza. Ukinunua sado ya viazi, anakuongezea vinne vitano juu yake, vile vidogo, ili usiondoke na kinyongo. Basi Timotheo alipogeuka kuondoka, shangazi akachota kale kadogo kwa kiganja kimoja.

"Na huyu hapa, baba. Nyongeza."

"Shangazi!" Nilimvuta pembeni. "Unagawa laki tisa?"

"Laki tisa iko wapi?"

"Hapo mkononi mwako."

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "We mtoto umekula nini leo?"

Nikamwonyesha simu. Mtandaoni watu walikuwa wanauza mbwa wa aina hiyohiyo kwa majina. Wa kawaida laki tatu. Mdogo laki sita. Na mdogo kabisa, anayeitwa mbwa wa kikombe, laki tisa na kuendelea.

"Kwa hiyo akipungua, bei inapanda?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kiazi kikiwa kidogo hivi nampa nguruwe. Basi nikiuza hewa nitajenga ghorofa."

Lakini alimwachia Timotheo mmoja tu.

Kesho yake nilimtia yule mdogo ndani ya jaketi nikashuka naye Mwanjelwa. Jirani yangu pale sokoni ni Iqbal, muuza viungo, mwenye kikombe chake cha chai cha maua ya bluu kisichoguswa na mtu. Alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, nilikichukua, nikamweka mbwa ndani, kichwa na miguu miwili ya mbele nje, nikapiga picha. Nilikuwa bado nafuta manyoya aliporudi.

"Hicho ni kikombe changu?"

"Nitakiosha, Iqbal."

"Kioshe mpaka kiama. Mbwa akishaingia, mimi sirudishi mdomo wangu hapo. Elfu tatu, na kikombe ni mali yako."

Nililipa. Picha ilistahili. Chini yake nikaandika:

Kidogo cha mkononi, ni chepesi kama pamba,
Kinalala kikombeni, hakitaki kubwa nyumba,
Hakikui abadani, naapa mbele ya mwamba,
Njoo ukipe moyoni, kona moja ndiyo chumba.

Iqbal alisoma kwenye simu yangu, midomo ikicheza. "Nzuri. Lakini hapa, hakikui abadani. Umejuaje?"

"Ni ushairi."

"Mimi nauza iliki, malenga. Napimia watu kwa gramu mwaka mzima, na sijawahi kumwapia mteja habari za kesho."

"Hujui utungo, wewe."

"Sijui. Ila naujua uzito."

Sikuzungumza naye mpaka jioni. Tangazo lilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na siku ya tatu alipiga simu mwanamke wa Iringa. Aliitwa Evarista, mwalimu wa chuo. Hakuuliza bei kwanza.

"Mama yangu amefuga mbuzi maisha yake yote," alisema. "Mwaka juzi kiharusi kilimpiga. Mkono mmoja tu ndio unaosikia. Hataki redio, hataki wageni, anataka kitu chenye pumzi cha kushika. Daktari amekataza uzito mapajani, ana vidonda. Nimemwambia daktari kilo moja na nusu, isizidi. Kaka yangu, una uhakika huyo hakui?"

"Dada, nikiandika nimeandika."

Akatuma laki nne ya kutangulizia siku hiyohiyo. Tukakubaliana nimpeleke baada ya mwezi na nusu, chanjo zikiisha.

Wiki ya pili baada ya simu ile, shangazi alimtundika tena kwenye mzani na mshale ukatikisika. Alipiga vigelegele peke yake uani. "Umemsikia! Lutengano, mzani umemsikia!" Alimwita Nyongeza, na Nyongeza alikuwa anakula uji wa maziwa kama anayelipwa. Wiki ya tatu alifika kilo moja. Nilihesabu siku zilizobaki, nikahesabu kilo, nikaona mstari wangu wa tatu unavunjika mbele ya macho yangu.

Nikampigia Abrahamu, mmoja wa wale wauzaji wa mtandaoni.

"Punguza chakula," akasema, kama anaelekeza mtu njia. "Kijiko kimoja asubuhi, basi. Ulidhani vikombe vinazaliwa? Vinatengenezwa."

Shangazi nilimwambia mtaalamu wa mifugo ameagiza hivyo kwa ajili ya tumbo lake. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma mpaka kidato cha nne. Siku tatu Nyongeza alipata kijiko kimoja. Siku tatu alinifuata nyuma akilia, na mimi nilitoka nje nikijiambia kwamba mtu mwenye neno hulishika.

Siku ya nne, mchana, niliingia jikoni nisisikie kilio chake.

Alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiko. Miguu imekakamaa, fizi nyeupe, macho yako wazi lakini hayanitazami. Nilimwinua na kichwa kikaangukia kwenye kifundo cha mkono wangu. Nilipiga kelele nisiyoijua. Shangazi alikuja mbio kutoka shambani na jembe mkononi, akalitupa, akashika chupa ya asali, akampaka kwenye fizi kwa kidole, akasugua, akapaka tena. Akamfunga kwenye kifua chake, ndani ya blauzi, akakaa karibu na moto.

"Sugua miguu," aliniamuru.

Nilisugua. Ilikuwa miembamba kama njiti. Sijui tulikaa muda gani. Mbatata zilizokuwa motoni ziliungua na hakuna aliyezitoa. Halafu kutoka ndani ya blauzi ya shangazi, mbali, ukaja ule mlio wa kandambili.

Shangazi alifumba macho. "Ndaga fijo," akasema, na hakuwa ananishukuru mimi. Kisha akauliza, "Huyo mtaalamu wako ana jina?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia, mkono mmoja umemzingira Nyongeza. Nilitaka anipige. Hakunipiga.

"Mimi nilikuwa namgawa bure, Lutengano," akasema. "Lakini nilikuwa nampa maziwa."

Tangazo nililifuta jioni hiyo, ingawa lilikuwa limeshafika kwa watu nisiowajua. Kumwambia Evarista kwa simu nilishindwa. Mara tatu niliitafuta namba yake, mara tatu nikakata kabla haijaita. Nimezoea kugombana na watu wanaosema nimekosea. Sikuwahi kumwendea mtu mimi mwenyewe kumwambia nimekosea.

Siku iliyopangwa ilipofika, shangazi alinipa laki nne ya Evarista niliyompa aitunze, aliyokuwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge, haijaguswa. "Ukiwa mbele yake ndipo utakapojua la kufanya nayo," akasema. Nilipanda basi la Iringa na Nyongeza kwenye tenga, kile kikombe cha maua ya bluu nimekifunga kwenye sweta. Mshale wa asubuhi ulikuwa umesema kilo mbili kasoro kidogo.

Evarista alifungua geti mwenyewe. Nyumba yao iko Gangilonga, juu, upepo haupumziki. Alimtoa Nyongeza kwenye tenga akitabasamu, na tabasamu likasimama njiani.

"Mbona mzito?"

"Kilo mbili kasoro. Na ataendelea. Labda tatu, labda zaidi, sijui. Niliandika uongo, dada. Nilipoona anakua nilimnyima chakula ili uongo wangu uwe kweli, nusura afe. Hela yako yote hii hapa. Ukimtaka, ni laki tatu kama ndugu zake, laki moja ni yako. Usipomtaka, narudi naye."

Maneno yalitoka bila pambo lolote. Alimwinua mbwa aliyekuwa akimlamba kidevu, akanikazia macho.

"Unajua nimemwambia nini mama? Kila asubuhi ananiuliza, kikombe kimefika wapi. Kwa mara ya kwanza tangu augue ananiuliza jambo la kesho. Na wewe ulikuwa unacheza na vina!"

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo!"

"Eva," sauti ikaita kutoka ndani, nzito, inayovuta kila neno. "Nani huyo anayetukanwa?"

Mama yake alikuwa amelazwa karibu na dirisha, shuka jeupe mpaka kifuani, nusu ya uso imetulia na nusu inatazama kwa ukali.

"Kamwene, mama," nilisalimu, kwa Kihehe changu kibovu.

"Kamwene. Mlete."

"Mama, huyu ni mkubwa kuliko tulivyoambiwa," Evarista akasema. "Daktari..."

"Nimevuka mto na mbuzi mabegani, leo mtoto wa mbwa ndiye mzito?" Alipumua. "Mapaja ni ya daktari. Mwachie mapaja yake. Huku je?" Akapiga godoro kwa mkono wake mzima, ubavuni.

Evarista alisita, kisha akamweka hapo. Nyongeza alinusa shuka, akanusa vidole, akazunguka mara mbili, akajilaza kwenye kwapa la yule mama kama aliyekuwa anapatafuta tangu Mbeya. Mkono ulishuka mgongoni mwake taratibu. Vidole vikaanza kutembea kwenye manyoya, vikisimama kwenye kila ubavu, kama wafugaji wanavyofanya.

"Huyu alilala njaa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Mimi ndiye niliyemlaza, mama."

Mbwa alipoanza kulialia, nilitoa kikombe kwenye sweta, Evarista akaleta maziwa. Mama alikishika mwenyewe, kikitetemeka, akakiinamisha. Nyongeza akaingiza uso. Masikio yalibaki nje, hayakuenea.

"Hiki ndicho kikombe?"

"Ndicho."

"Kumbe ni cha kunywea." Nusu ya mdomo wake ikacheka. "Na jina lake?"

"Kwenye tangazo nilimwita Kikombe. Shangazi anamwita Nyongeza. Alitaka kumgawa bure juu ya mwingine."

"Nyongeza," akasema, na akalirudia polepole, kama anaonja. "Nilidhani nimeshapimiwa changu chote. Kumbe kuna nyongeza."

Evarista aligeukia dirishani. Bega lake moja lilikuwa likipanda na kushuka. Aliporudi alichukua noti zangu, akatoa laki moja, tatu akanirudishia kifuani kwa nguvu, karibu kunisukuma.

"Na akifika kilo tano?" akauliza. "Nitajuaje kama hamjanificha kitu kingine?"

Mama hakuondoa macho kwangu. Maziwa yalikuwa yanamwagika kidogo kwenye shuka na hakuna aliyejali. Nilipiga goti pembeni ya kitanda ili asilazimike kuinua kichwa.

"Mama," nikasema, kwa sauti, ili na Evarista asikie, "mwezi ujao nitakuja na mzani wa shangazi. Nitamtundika hapa mbele yako, na mshale ukisema tano, nitaandika tano."