Duka la Kijiji na Mshahara wa Philomena

Mama mwenzangu, ukiitwa mkutanoni ukaambiwa kuna duka linakuja kuuza kila kitu kwa bei ya chini, usiinue mkono upesi. Kaa kwanza. Uliza nani atauza ndani ya duka hilo, na huyo muuzaji atakula nini. Mimi sikuuliza. Niliinua mkono wa kwanza kabisa upande wa wanawake, na yaliyompata binti yangu Philomena ninayaandika hapa ili usije ukasema hukuambiwa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Tulikuwa tumehamia kijijini miaka miwili kabla, nyumba zimepangwa kwa mistari si mbali na mto Manchira. Duka lilikuwa moja tu, la Machage. Huyo Machage hakuwa mtu wa kupendwa. Sukari yake ilizidi ya mjini Mugumu kwa shilingi nzima, na mche wa sabuni aliukata vipande vyembamba, ukifua kanga mbili kipande kimekwisha. Ukilalamika anakujibu, "Nenda Mugumu kwa miguu, mama. Ukirudi na miguu hiyohiyo, nitakupunguzia."

Lakini Machage alikuwa amemwajiri Philomena wangu. Msichana alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, ila mizani na hesabu alivijua kuliko Machage mwenyewe. Alilipwa shilingi sitini kwa mwezi na ugali wa mchana. Fedha hizo aliziweka mkononi mwa baba yake, Benedicto, naye Benedicto alisema mbele yangu, "Maadamu huyu analeta kitu nyumbani, sina haraka ya kumwoza."

Kwetu unajua. Msichana wa miaka kumi na minane aliyekaa nyumbani, watu wanamtazama wanaona ng'ombe ambao hawajafika. Nyanungu kulikuwa na mzee mmoja aitwaye Simioni, ana wake wawili tayari, ameshatuma watu mara mbili kumwulizia. Benedicto aliwaambia wangoje. Kwa hiyo zile shilingi sitini ndizo zilizokuwa zimesimama kati ya binti yangu na boma la Simioni. Nilijua. Ndilo linaloniuma, kwamba nilijua.

Basi akaja bwana ushirika, kijana wa Mbeya, jina lake Ambokile. Alikuwa na adabu. Aliwaamkia shikamoo hata akina mama tuliokuwa tumejitwika maji. Siku ya mkutano alisimama juu ya kiti akasema, "Ndugu wananchi, duka la mtu mmoja lina tumbo. Faida yote inaingia tumboni humo. Duka la kijiji halina tumbo. Litauza kwa bei iliyopangwa, hata senti moja haitazidi."

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu Waisiko akanisukuma ubavuni. "Umesikia? Tutakunywa chai mpaka tuote meno mengine!"

Wakataka kuhesabu mikono, wangapi wanakubali duka la kijiji lije na la Machage lifungwe. Katibu akamwita Philomena ahesabu, maana ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Akapita katikati ya watu na karatasi yake, akihesabu mikono ya kufunga duka lililomlipa. Alipofika kwangu alisimama kidogo. Akanitazama. Kisha akaandika, akaendelea na mstari wa nyuma.

Mungu ni shahidi, nilikuwa na mawazo yangu. Nilisema moyoni: duka ni duka, likija jipya litahitaji mtu wa kupima, na mtu huyo ni nani kama si yeye? Tena Machage ni mtu baki. Kijiji ni sisi, ni shangazi zake na wajomba zake. Watamlipa mtoto wao kidogo kuliko alivyolipwa na mtu baki? Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Hata wewe pengine ungefikiri hivyo.

Machage alifunga. Alipakia mizani yake na magunia kwenye mkokoteni, akaenda kwa ndugu zake huko Genkuru. Jengo la duka jipya tulilijenga kwa risaga, ule utaratibu wetu wa kufanyiana kazi bila malipo: wanawake tukachota maji, wanaume wakafyatua matofali. Philomena akapewa ufunguo.

Sitadanganya. Duka lilisaidia. Sukari ilishuka, sabuni ilikatwa kipande cha haki. Mjane mmoja wa mstari wetu, Bernadetha, ambaye alikuwa analala gizani na wajukuu wake, alianza kununua mafuta ya taa kila wiki. Nami nilikunywa chai, niliongeza sukari bila kuangalia mlangoni nani anaingia.

Mwezi ukaisha. Philomena akarudi mikono mitupu. Wa pili, vilevile. Nikaenda kwa katibu.

"Mama Philomena," akasema, "bei yenyewe unaiona. Pale hapabaki kitu cha kumlipa mtu. Lakini usiwe na wasiwasi. Mtoto ni wa kijiji, kijiji kitamlisha."

Wakapitisha kwamba kila nyumba itoe debe la mahindi wakati wa mavuno, kwa ajili ya muuzaji na mlinzi na gharama za lori. Debe zima! Mimi sikusoma sana, lakini nilikaa jikoni nikafikiri: nafuu yote niliyopata kwenye sabuni na sukari tangu duka lifunguliwe haifikii debe hilo. Ninanunua kwa bei ya chini dukani, halafu ninakamilisha bei kwa mahindi. Na asiyenywa chai anatoa debe sawa na anayekunywa. Bernadetha alitoa debe lake, wajukuu wakabaki na uji mwepesi. Tena mvua ilipokuja, lori halikuweza kuvuka mto, likashusha magunia ng'ambo. Machage alikuwa analipa vijana wabebe. Duka la kijiji lilitubebesha sisi, kila nyumba mtu mmoja, bure. Mgongo wa Benedicto uliuma wiki nzima.

Mahindi yakaletwa kwetu kama mshahara wa Philomena. Nusu yalikuwa na wadudu, maana hakuna mtu anayetoa mahindi yake mazuri kwa kulazimishwa. Benedicto akaingiza mkono katika gunia, akautoa umejaa vumbi. "Huu ndio mshahara?" Akalifunga tena.

Na watu, wale wale shangazi na wajomba, wakaanza maneno. Philomena akipita kisimani: "Huyo, debe letu linatembea!" Mwingine: "Tembea taratibu, usiyamwage mahindi yetu." Wakacheka. Yeye aliwaamkia wakubwa wote shikamoo, akachota maji yake, akarudi. Nyumbani alikuwa anakula kidogo kidogo, kama mgeni. Nikamwambia, "Kula mwanangu." Akasema, "Nimeshiba, mama." Hakuwa ameshiba.

Mavuno ya mwaka uliofuata watu wakagoma kutoa debe. Mkutano ukaitwa tena. Katibu akasema kuna njia: muuzaji wa kudumu asiwepo. Kila nyumba itoe mtu wake kwa wiki moja, zamu kwa zamu, bila malipo. Hapo debe litafutwa.

Nikasimama. Mwanamke kusimama peke yake mkutanoni si jambo dogo.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "ongezeni senti hamsini kwenye kilo ya sukari. Bado itakuwa chini ya ile ya Machage. Mlipeni muuzaji kwa hizo. Anayenunua ndiye alipe, asiyenunua asitoe debe. Na atakayeuza apate mshahara, awe ni binti yangu au binti wa mwingine."

Mimi nikaanza kutumaini. Ndipo Waisiko, Waisiko wangu niliyeazimana naye chumvi miaka yote, akapaza sauti.

"Kaa chini, Mama Philomena! Siku ile ulinyoosha mkono mpaka kwapa likaonekana. Leo unataka sukari ipande ili binti yako apake mafuta ya nywele?"

"Amchukue Machage amlipe!" mzee mmoja akasema huko nyuma.

"Machage mwenyewe analima mihogo ya watu!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nilimtazama bwana Ambokile. Alikuwa ameinama, anageuza kurasa za daftari. Akasema polepole, "Bei inapangwa huko juu serikalini, mama. Hata mimi siwezi kuigusa." Niliona kwamba anaumia. Lakini kuumia kwake hakukuongeza hata senti.

Wakainua mikono, zamu ikapita. Na wengi walioinua walikuwa wanawake wenye mabinti.

Jioni hiyo Benedicto hakugomba. Ningependa agombe. Aliketi mlangoni akanoa panga lake, akasema, "Mama Philomena, niliwaambia watu wa Nyanungu wangoje. Wamengoja. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie msichana hataki."

"Hataki, sawa. Na atakula nini? Ng'ombe wangu waliibwa wote, unajua. Athanas naye anataka kuoa, nitamtolea nini, kuku?" Athanas ni mwanetu wa kiume.

"Baba Philomena, yule mzee ni rika lako."

"Ndiyo maana ana ng'ombe," akasema. Akaendelea kunoa.

Nilikwenda kwa katekista, nilikwenda kwa mwenyekiti. Katekista alisema ataongea naye, na aliongea. Mwenyekiti alisema mambo ya mahari hayamo katika kazi za kijiji. Wazee wa Nyanungu walifika siku ya Alhamisi. Walipatana ng'ombe kumi na tisa na mbuzi.

Wiki iliyofuata zamu ya dukani ilikuwa ya nyumba ya Waisiko, akamtuma mke wa mwanawe, ambaye hakuwahi kushika mizani. Philomena alikwenda kumfundisha. Wageni waliokuja kumchukua walikuwa wameshakaa uwanjani kwetu, wanakunywa togwa, na yeye bado yuko dukani anamwonyesha yule mke jiwe la nusu kilo na la robo, na namna ya kusubiri mizani itulie kabla ya kusema bei. Nilimfuata.

"Philomena, wanakungoja."

"Ninakuja, mama. Huyu asipojua, watamwambia ameiba."

Akamaliza. Akampa ufunguo. Tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Alibeba sanduku lake mwenyewe. Nilitaka kumsindikiza mpaka mtoni, lakini Benedicto akaniita nirudi, wageni wasije wakadhani tunataka kuvunja mapatano.

Sasa ana watoto wawili. Nikienda Nyanungu kumtembelea ananipokea vizuri sana. Ananiwekea kigoda, ananipa maji ya kunawa, chakula ananitengea wa kwanza. Ananiuliza habari za Athanas na mkewe, za mgongo wa baba yake, za Bernadetha na wajukuu. Za duka hajauliza hata siku moja. Nikiaga ananisindikiza mpaka mwisho wa shamba la mtama, halafu anasimama hapo, maana mume wake hataki apite. Ananiambia, "Nenda salama, mama, jua linachwa." Natembea, nikigeuka namkuta bado amesimama. Nikigeuka tena, ameshainama analima.