Wenyewe Wawili wa Shimo Moja

Tangu Agya Manu azikwe, nyumba yake pale Tafo, Kumasi, ilikuwa na wenyewe wawili kila mwisho wa mwezi. Siku zilizobaki haikuwa na mwenyewe hata mmoja.

Wa kwanza kufika kudai kodi alikuwa Opanyin Adu-Twum, mtoto wa dada wa marehemu, akikohoa tangu barabarani ili wapangaji wajue kuwa mrithi anakuja. Kwa mila, mali ya mjomba humfuata mpwa, na mpwa huyu alianza kumpenda mjomba wake sana siku ile alipokufa. Akiondoka yeye, mlango wa chumba kikubwa ulifunguka, akatoka Maame Birago, mjane, kudai kodi ileile, kwa kuwa sheria ya siku hizi haimtupi mke nje. Wapangaji waliwagawia nusu kwa nusu, na matusi wakayapokea mazima kutoka pande zote mbili.

Sasa mfuniko wa shimo la choo ukapasuka katikati ya ua. Zege lilimeguka, nondo zikachungulia kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na bata wa jirani akatumbukia asionekane tena. Tundu lenyewe lilikuwa mbele ya mlango wa Pomaa, fundi cherehani, ambaye binti yake Nhyira ndiyo kwanza alikuwa ameijua miguu yake. Mtoto wa umri ule haendi anakotaka. Huenda miguu inakompeleka, na ya Nhyira ilipenda mashimo. Pomaa akawa anashona na mtoto mgongoni mchana kutwa, mgongo unamuuma, mtoto anapiga mateke na kulia ashushwe.

Akamwendea Opanyin.

"Binti yangu," Opanyin alisema huku akirekebisha shuka lake begani, "mimi nimerithi nyumba. Sikurithi mavi."

Akamwendea Maame Birago, akamkuta anatwanga fufu.

"Mimi? Mimi ni mjane tu, mwanangu! Nina nini mimi? Kamwambie huyo mwenye kifua kikuu cha urithi." Akatwanga. "Halafu huyo mtoto wako mbona hukai naye ndani?"

"Maame, ndani ni kitanda na cherehani."

"Basi mfundishe adabu."

Kumfundisha adabu mtoto ambaye hata jina lake halijui! Pomaa alirudi chumbani akalia kidogo, akajifuta, akambeba mwanawe, akaenda ofisi ya serikali inayoamua mambo ya wapangaji na wenye nyumba.

Siku ya shauri, Madam Lariba, afisa mwenyewe, aliwakuta wamejaa hadi kwenye korido. Maame Birago alikuja na binti zake. Opanyin alikuja na wazee wa ukoo, na mbele yao Okyeame Dapaah, msemaji, ameshika fimbo yake. Maana mtu mkubwa hasemi mwenyewe mbele za watu. Hunong'ona, na msemaji akayatoa maneno yakiwa yamevaa. Opanyin hakuwa mkubwa kiasi hicho. Hata kuku wake walikuwa hawamsikilizi. Lakini alitaka ofisi nzima ijue mrithi ni nani.

"Nani mwenye nyumba?" Madam Lariba aliuliza.

"Mimi!" alisema Maame Birago.

Opanyin akanong'ona. Okyeame Dapaah akanguruma, "Opanyin anasema, simba akifa, pango halirithiwi na paa! Nyumba ni yake!"

"Ni kweli!" wazee wakaitikia.

"Paa ni mama yako!" Maame Birago akadakia. "Nimempikia Manu mpaka kope zimeungua!"

Wakabishana hivyo mpaka mhudumu akaja kufunga madirisha. Nyumba ile haikuwahi kupendwa namna ile. Mwenye kusikia kwa nje angedhani ni ikulu, kumbe ni vyumba vya bati vilivyojipanga kulizunguka tundu la choo. Pomaa alikaa pembeni, Nhyira akimtafuna kola.

"Vizuri," Madam Lariba alisema. "Anayepangisha nyumba ndiye anayeitengeneza. Shimo lizibwe wiki hii. Na mtoto wa watu akitumbukia humo kabla halijazibwa, atakayejibu mahakamani ni mwenye nyumba. Kwa hiyo nauliza tena. Ni nani?"

Maame Birago akayaangalia makucha yake. Wazee wakakumbuka kuwa dari lina buibui.

Opanyin akaliinamia sikio la msemaji wake. "Mwambie habari ya shimo si yangu. Mjane ndiye analala pale."

Alichotaka ni kulikwepa shimo tu, nyumba ibaki. Lakini okyeame anayejiheshimu hapeleki neno likiwa uchi. Hulivisha, hulifunga mkanda, hulikamilisha pale mkubwa alipolikatisha. Dapaah akainua fimbo.

"Sikilizeni! Opanyin anasema, mwenye mti hawezi kuikana mizizi, na mwenye mwili haukani utumbo wake! Shimo ndilo utumbo wa nyumba. Shimo hili si lake! Na kwa kuwa utumbo si wake, mwili pia si wake. Anamwachia mjane wa mjomba wake, kuanzia bati hadi shimo!"

"Ni kweli!" wazee wakaitikia kwa mazoea.

"Nini?" Opanyin aliruka, shuka likamdondoka. "Sikusema hivyo! Dapaah, we mwehu, nimesema hivyo?"

"Nimelipamba tu, Opanyin," Dapaah alijibu, ameudhika. "Lilikuja limekonda."

"Madam, sikia—"

"Wewe siwezi kukusikia, Opanyin," alisema Madam Lariba. "Mkubwa hasemi, husemewa. Msemaji umemleta mwenyewe, na mashahidi umewaleta mwenyewe. Wazee, kuna anayekana alichoitikia?"

Nani akane neno lililokwisha kutolewa mbele ya fimbo ya msemaji? Wazee walikohoa mmojammoja.

Maame Birago alipiga kigelegele kikavuka barabara. Aliunyakua mkoba wa Pomaa, akachomoa poda ya mtoto, akajimwagia shingoni na mikononi, nyeupe pe, kama afanyavyo kila aliyeshinda kesi. "Yangu! Mmesikia? Yote yangu!"

"Hongera, Maame," Madam Lariba alisema. "Fundi anakuja lini?"

Poda ikaendelea kushuka peke yake.

Fundi alikuja kabla ya Jumapili. Maame Birago alimsimamia tangu asubuhi, akilaani bei ya saruji, akimlaani Manu kwa kufa na Opanyin kwa kupona. Lakini fundi alipotaka kuweka nondo nyembamba, alimfokea: "Kwani hii nyumba ni ya nani? Weka nene!"

Dufie, muuza uji wa chumba cha pili, akasogea. "Maame, kwa kuwa fundi yupo, mlango wa bafu nao..."

"Na mfereji," alisema mwingine kutoka dirishani.

"Mtaniua! Mnataka nimfuate Manu?"

Pomaa alitoka na kikombe cha maji, akampa mwenye nyumba kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Kunywa kwanza, Maame," alisema. "Halafu njoo ndani uone dari langu linavyovuja."